Mtu Asiyejua Jibu

Mjane wa kwetu anajua la kufanya. Mumewe akifa, eda yake imekwisha pangwa, miezi 4 na siku 10, imo katika Sura ya Baqara, na mwanamke yeyote wa Jego anaijua hata kama chuoni hakufika mbali. Atakaa nyumbani. Hatajipaka wanja wala manukato, hatavaa cha kupendeza, hataonekana harusini. Wenzake watamtekea maji, watamshikia kazi ya shamba, na siku ya kutoka eda watakuja kumtoa. Wanaume nao wana lao: kaburi, jeneza, mchanga, mikeka chini ya mwembe, hitima, kisha matanga yanaanuliwa na kila mtu anarudi kwenye mpunga wake au kwenye ngalawa yake.

Mtoto wa miaka 14 hajapangiwa kitu. Baba amezikwa Alhamisi, na Jumatatu yeye yuko kwenye mstari wa asubuhi shuleni, sare imefuliwa na shangazi. Jioni ya Jumatatu hiyohiyo ana kazi ya ziada ya hisabati, na hakuna mtu, si mwalimu, si imamu, si mimi mjomba, anayejua kama inafaa aifanye au aachwe.

Ninaandika juu ya mpwa wangu na baba yake, shemeji yangu, tuliyemzika Januari 2025. Alianguka asubuhi akifunga spika juu ya tuktuk, na magharibi hakuwa nasi tena. Presha, tuliambiwa, na kiharusi juu yake. Juu ya kifo chenyewe sina zaidi. Lililonikalia moyoni ni lile aliloondoka nalo, ambalo matangani hakuna aliyelitaja, na mimi mwenyewe nilichukua muda kulitambua.

Matangani tulizungumza karo. Ndivyo ilivyo, na si vibaya. Jego iko upande wa Vanga, kusini kabisa mwa Kwale, ukivuka kidogo uko Tanzania. Wadigo, Wavumba na Wasegeju tumeoana hapa hata ugomvi wa mpaka wa shamba huishia kugunduana ndugu. Kwa mila ya Wadigo ya zamani mtoto alikuwa wa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa akirithiwa na kuulizwa. Sheria ya Kiislamu ya mirathi imeshika mahali pake siku nyingi, lakini siku ya msiba macho bado humgeukia mjomba. Yaligeuka kwangu. Wazee wakauliza nani atamsomesha binti, nani atamlisha mdogo wake, ile basari ya kaunti iitwayo Elimu ni Sasa inaombwa vipi, pesa za CDF, mfuko wa eneo bunge, zinatoka lini. Nikajibu kila swali. Nimesomea uhasibu, hesabu za vyama vya akiba vya huku wengi huniletea mimi, na nilijiona nimesimama imara. Mchele utakuwepo. Karo itapatikana. Na binti akikwama kwenye vitabu, mjomba yupo.

Marehemu alikuwa fundi wa spika. Alianza kijana sana katika hoteli za Diani, akibeba nyaya, hadi akawa ndiye anayeaminiwa kuziunganisha. Hoteli za kule zina ratiba ya jioni: usiku mmoja Wamasai wanaruka, mwingine sarakasi, mwingine bendi, na ndani ya usiku wa bendi lazima upigwe ule wimbo Them Mushrooms waliourekodi mwaka 1982, wa kumsalimu bwana na kumkaribisha Kenya, kwa sababu mgeni amekuja akiujua. Kazi ya shemeji ilikuwa wimbo huo usikike sawasawa kwa aliyeketi karibu na jukwaa na kwa aliyejilaza kando ya bwawa la kuogelea. Familia ya mfanyakazi haiingii kwenye ukumbi wa wageni. Kwa hiyo mke na watoto wake hawakuwahi kuona hata onyesho moja kati ya yale aliyoyashughulikia.

Siku zake za mapumziko alizitumia kuwapeleka maonyesho ya kwetu. Akifika Jego kutoka Diani, hata kabla ya kuoga, ameshauliza wapi kuna ngoma. Na huku, ukiondoa Ramadhani, ni nadra kukosa. Harusi za baada ya mavuno ya mpunga, harusi za Shaaban watu wakikimbizana na mwezi wa kufunga, Maulidi, Idi mbili, likizo za Agosti na Desemba. Aliwapakia kwenye pikipiki mke, binti, baadaye na yule mdogo katikati, leso mbili begani na mkeka umekunjwa, wakaenda Vanga, wakaenda Kiwegu, wakaenda Lunga Lunga. Penye taarabu ya maana walifika hadi Msambweni. Watoto walilala mkekani pembeni ya hema na kuamshwa zumari linapoingia.

Zumari la ngoma ya sengenya alilipenda kuliko chombo chochote. Chapuo na upatu vilimfurahisha, lakini zumari lilimshangaza, na mshangao huo hakuuacha hadi utu uzima. Mpiga zumari hapumziki. Mashavu yake yanajaa kama mikono miwili imefumbatwa ndani, mdomo umebana bati la duara lililo chini ya kilimi, na sauti inatoka mfululizo, dakika baada ya dakika, bila pengo la mtu kuvuta pumzi. Anavuta puani wakati mashavu yanasukuma akiba yake. Ukisimama mbele yake huoni kitu. Shemeji aliwasimamisha watoto wake ubavuni mwa mpigaji, karibu kabisa, hadi waone tundu za pua zikifunguka na kufunga, kisha shavu likiinama kidogo na kujaa tena. Binti alikuwa wa miaka kama sita alipoliona hilo kwa mara ya kwanza. Safari nzima ya kurudi alijaribu kufanya vivyo hivyo juu ya pikipiki hadi kizunguzungu kikamshika.

Halafu alikuwa na tabia moja ya mafundi wa sauti. Ngoma ikishachanganya, aliipa mgongo. Wenzake wote wanatazama wachezaji, yeye amegeukia minazi, kichwa kimeinama. Alisema macho yanamdanganya mtu; ukimwona anayepiga unadhani umemsikia. Akawafundisha watoto kufanya hivyo. Walisimama watatu mstari mmoja, migongo kwa wapigaji, baba akiuliza kwa sauti ya chini: nani ameingia sasa? Chapuo. Nani ametoka? Njuga. Wapita njia walidhani wamekasirishwa na kitu.

Nyumbani alikuwa na kaseti za taarabu zilizotoka Mbwana Radio ya Mombasa, za enzi ambayo harusi ilirekodiwa hivihivi ilivyo, na zile alizithamini kuliko rekodi za studio kwa sababu ndani yake mlikuwa na watu. Mwanamke anapiga kigelegele karibu na maiki. Mtu anakohoa. Kiti kinaburutwa. Kutokana na vitu hivyo aliweza kukuambia hema lilikuwa kubwa kiasi gani na wanawake walikaa upande upi. Mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo alipofariki mwaka 2014, alikaa nje usiku kucha na redio kaseti. Alipofariki Zein l'Abdin mwaka 2016 vivyo hivyo. Binti alikuwa mdogo sana nyakati zote mbili, lakini ile ya pili aliikumbuka, au ameelezwa hadi ikawa yake.

Mwaka 2020 korona ilifunga hoteli za Diani. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi, ikaendelea hadi Oktoba 2021, na huo ulikuwa muda mrefu wa giza kwa mtu anayeishi kwa shughuli za usiku. Hakurudi tena hotelini. Alirudi Jego na spika mbili, amplifaya moja na ujuzi wake, akalima mpunga na kukodisha vyombo kwa harusi. Kwa mara ya kwanza akawa baba wa kila jioni, na hapo ndipo habari ya kazi ya ziada inapoingia.

Shule aliiachia darasa la 8. Wakati mwingine alisema hivyo kwa haya, wakati mwingine bila. Mtaala mpya umejaa maagizo yanayomhusu mzazi: fanya hivi kwa msaada wa mzazi au mlezi, mwonyeshe mzazi, muulize mzazi. Wazazi wengi wa hapa kijijini waliyapokea kama lawama. Yeye aliyapokea kama mwaliko. Jioni binti alitandika mkeka barazani, akaweka vitabu chini ya taa, na baba akaketi kando, amempa mgongo, analehemu nyaya za watu. Harufu ya risasi inayoyeyuka ilikuwa harufu ya kusomea katika nyumba ile. Na alikuwa na neno moja tu.

"Nieleze."

Binti anaeleza. Sehemu, asilimia, mzunguko wa maji, jinsi mmea unavyojilisha. Baba haelewi, anasema haelewi, anauliza tena. Kwa nini hapo unagawanya badala ya kuzidisha? Nani amesema? Hiyo herufi imetoka wapi katikati ya namba? Hakuwa anajifanya. Alikuwa hajui kweli, na alikuwa anataka kujua kweli, kwa ule mshangao wa zumari. Binti anarudi nyuma, anatafuta njia nyingine ya kulisema, na katikati ya kutafuta anagundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajaelewa. Hapo anakaa kimya, anasoma upya, anaanza tena. Kisha, kama kuna ngoma usiku huo, kuna sheria: haondoki mtu kabla baba hajaelewa. Nimewahi kumwona binti amevaa viatu tayari, leso imefungwa, amesimama barazani akimweleza baba yake mlinganyo kwa kasi ya mnada, huku sengenya imeshaanza kusikika upande wa pili wa minazi.

Alikuwa mtoto wa mbele darasani. Tulisema amerithi akili. Kwa nani, hatukuuliza.

Baada ya msiba nikashika zamu. Kila jioni niliyoweza, nilikwenda kwa dadangu, nikaketi barazani. Gredi ya 9 ni mwaka mgumu, na kundi lake lilikuwa la kwanza kabisa kuufanya mtihani wa KJSEA, ule wa mwisho wa sekondari ya chini. Walimu walikuwa wanajifunza pamoja na wanafunzi. Katika hisabati walikuwa na matrisi, ambayo sisi wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 tuliikuta kidato cha 3. Naijua matrisi. Nilimwonyesha: safu hii kwa safu wima hii, zidisha, jumlisha, weka hapa. Nilimwonyesha vizuri, polepole, kwa mifano. Aliitikia kwa kichwa. Kesho yake daftari lilirudi na nafasi tupu au na kitu kisichokuwa hata kosa, namba zimepangwa tu kama mtu anayepanga viti baada ya watu kuondoka. Mwisho wa muhula taarifa ya shule iliandika Chini ya Matarajio kwenye hisabati, na Chini ya Matarajio kwenye sayansi aliyokuwa akiongoza.

Mto Umba unatoka milima ya Usambara, Tanzania, na unaishia kwetu, baharini karibu na Vanga. Kuna siku Vanga inapambazuka jua kali, watu wameanika mpunga, na adhuhuri maji yanaingia majumbani kwa sababu mvua ilinyesha milimani huko ambako hakuna aliyeiona. Ndivyo mpwa wangu alivyokuwa. Alicheka na wenzake, alipika, alimwogesha mdogo wake, alilala. Kisha anafungua daftari, na yanafika.

Mwalimu wake aliniita. Ni mwanamke mwema, kijana, na alichagua maneno kwa uangalifu. Akasema huenda mtoto anahitaji kusaidiwa zaidi nyumbani. Nikasema anasaidiwa kila jioni. Nilipokuwa narudi njiani, nikipita mashamba ya mpunga yaliyokuwa yanasubiri masika, ndipo niliposhikana na jambo ambalo tangu hapo sijaliachia. Mtoto hakupoteza msaada. Msaada ninao mimi, na ni mzuri kuliko ule aliokuwa nao. Alichopoteza ni mtu asiyejua. Mimi nikiketi pale, jibu limeketi nami. Anaweza kuliona usoni mwangu kabla hajafungua mdomo, na maelezo yake hayana pa kwenda kwa sababu kule yanakokwenda tayari yapo. Kwa baba yake, neno la mtoto lilikuwa na kazi. Lilikuwa linampeleka mtu mzima mahali ambapo peke yake asingefika.

Kifo cha baba kwetu kinahesabiwa kwa riziki. Tunajua kuuliza nani atalisha, nani atasomesha, nani atasimama upande wa bibi harusi siku ikifika. Maswali hayo yana majibu, na ukoo wenye watu huyajibu. Lakini mtu pia ni sikio. Nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake hasa, hotelini, ngomani, barazani, ilikuwa kusikiliza, na alisikiliza vizuri kiasi kwamba waliomzunguka walisema vizuri kuliko uwezo wao. Dadangu si mtu wa maneno mengi, lakini na yeye alikuwa mzungumzaji mbele ya mume yule. Nilidhani siku zote kwamba ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, na yalikuwa vilevile ufundi.

Ramadhani ilianza Machi, na Idi ikaangukia tarehe 31. Dadangu alikuwa bado ndani ya eda. Usiku ule ngoma ilipigwa upande wa Vanga na upepo ukatuletea. Vijana wa siku hizi wanapenda singeli na muziki wa DJ, na kwa muda mrefu tulisikia hayo tu, mdundo bila kitu juu yake, kisha saa za usiku wakapewa nafasi wazee wa sengenya. Yule mdogo, mwenye miaka saba, aliuliza tunakwenda saa ngapi. Aliliuliza kwa kawaida kabisa. Mama yake akamjibu kwamba mwaka huu hatuendi. Binti alikuwa akipakua biriani ya watu waliobaki. Hakuinua uso. Akamwuliza mdogo wake, "Nani ameingia sasa?" Mtoto akasikiliza. Hakujua. Umri wake haukumtosha kufundishwa vyote, na nadhani usiku ule ndipo dada yake alipojua kwamba kuna mambo ambayo sasa ni yeye peke yake anayo.

Mei wanafunzi wa darasa lake wakapewa kazi ya somo la sanaa: mwanafunzi achague ala ya muziki ya jamii yake, aieleze inavyotengenezwa na inavyopigwa. Mwenzake mmoja, mtoto wa hapahapa Jego, aliandika juu ya nyatiti, ala ya Waluo wa upande wa Ziwa Victoria, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuja kwanza kwenye simu. Ilikuwa kazi safi na alipata alama zake. Mpwa wangu, ambaye pengine hakuna mtoto katika kaunti nzima aliyesimama karibu na zumari kumzidi, hakupeleka kitu. Nilimkuta na ukurasa una kichwa cha habari kilichopigwa mstari kwa rula, na chini yake hamna neno. Nilimwambia aandike alichokiona: pua, shavu, bati la duara, kilimi.

"Nikiandika," akasema, "naona kama namweleza mtu ambaye ataisoma haraka."

Sikuwa na la kumjibu. Mwalimu ana madaftari ya darasa zima. Lazima asome haraka. Lakini ninauheshimu ukurasa ule mtupu kuliko taarifa yoyote ya shule niliyoiona mwaka ule. Ulikuwa na ukweli ndani yake. Watoto wengi walio katika hali yake wanaitwa wavivu, wanaitwa wameharibiwa na simu, wanapelekwa kwa mashekhe kusomewa, na ninaamini kwamba baadhi yao, si wote, wanafanya tu kile ambacho mjane anaruhusiwa kufanya: wamejifungia. Tofauti ni kwamba mjane ana tarehe ya kutoka na watu wa kumtoa.

Dadangu alimaliza eda mwisho wa Mei. Wenzake walikuja, akaoga, akavaa leso mpya, akaanza kwenda shambani. Watu wawili walikuwa wameshauliza bei ya spika tangu Februari, na sasa wakarudi. Akauza jozi moja kwa ajili ya karo ya sekondari ya juu, baada ya mirathi kugawanywa ipasavyo mbele ya wazee. Amplifaya alikataa kuiuza. Ipo chumbani, imefunikwa, na sina hakika kama inafanya kazi.

Kisha ikaja habari ya kuchagua mkondo. Wanafunzi wa Gredi ya 9 walitakiwa mwaka huo wachague watakachosomea sekondari ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kwa wazazi wa huku lilikuwa jambo geni kabisa, mtoto wa miaka 14 kuulizwa njia ya maisha yake. Tulikaa barazani, dadangu, mimi, shangazi wa upande wa baba, na babu mmoja wa ukoo aliyepita tu kuchukua jembe akabaki. Dadangu alitaka sayansi, kwa sababu wauguzi wanaajiriwa. Shangazi akasema marehemu angetaka sanaa, mtu aliyepoteza usiku wake wote kwenye ngoma, wala hakuna haja ya kujadili. Mimi nikasema kwamba marehemu alikuwa fundi, na angetaka mtoto ashike kile ambacho yeye alikifanya kwa kubahatisha. Babu akasema mtoto wa kike aolewe. Kwa muda mrefu tulibishana hivyo, kila mmoja akiwa amemshika marehemu mkono na kumsemesha. Lilikuwa jambo la kuumiza kulisikia, na nilikuwa mmoja wa waliolifanya. Kila mtu alikuwa na hakika, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anamwiga, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa hakika.

Binti alikuwa akimenya mihogo. Akaweka kisu chini.

"Baba hangechagua," akasema. "Angeniuliza kwa nini."

Tukanyamaza. Shangazi akafuta macho. Dadangu ndiye aliyepata ujasiri, akasema, "Haya mama, unataka nini, na kwa nini?"

Akaanza. Alitaka sayansi, lakini si kwa sababu ya uuguzi. Alitaka kujua kwa nini spika ikigeuzwa kutazama ukuta inapoteza maneno lakini haipotezi ngoma. Baba yake aliligundua hilo kwa masikio na aliweza kulitumia, lakini hakuwahi kuweza kulieleza, na walipokuwa wanalitafuta pamoja walifika mahali wakakwama, Desemba, wiki chache kabla ya kifo chake. Sauti nzito inapinda, nyembamba inakwenda moja kwa moja, hilo alikuwa ameshalipata kitabuni. Lakini kwa nini inapinda? Mikono yake ilikuwa inaonyesha, ina unga wa mihogo, na alikuwa anasema haraka, sauti imepanda, kama nilivyomsikia siku zile amevaa viatu tayari. Kulikuwa na mashimo katika maelezo yake. Palikuwa na mahali alisema urefu wa wimbi na kumaanisha kitu kingine kabisa. Mama yake alikuwa amepotea tangu mwanzo, na alikuwa anasikiliza kwa uso wote.

Nikataka kumsaidia. Nikauliza, kwa upole kadiri nilivyoweza, kama anavyouliza mtu asiyejua: na hilo wimbi, urefu wake unaupima kutoka wapi hadi wapi?

Alinitazama.

"Mjomba," akasema, "hilo wewe unalijua."

Akamgeukia mama yake, akaanza tena mwanzo.